Siku Niliyokwenda Vitani Nimejifunga Isale

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Mimi shule niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akinirudishia daftari amelishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akisema herufi zangu ni kama kuku waliopita na matope miguuni. Naandika polepole, hii barua ni ya siku nne, na mahali nilipokosea tahajia naomba mhariri anisaidie bila kunicheka (au anicheke kidogo tu, mimi nimeshazoea).

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuusikia kwa watu. Mmoja anasema nilizimia, mwingine anasema nilipigwa risasi ya makalio, na kuna mama mmoja sokoni aliniambia mimi mwenyewe, bila kujua ni mimi, kwamba yule kijana sasa amerukwa na akili yuko hospitali. Sijarukwa na akili. Niko hapa Kirua Vunjo, mzima, nakata majani ya ng'ombe. Aibu niliipata kweli, siikatai, lakini ilikuwa aibu ya aina nyingine kabisa na nadhani ni kubwa kuliko hiyo ya makalio.

Naitwa Aloisi. Nilipokosa nafasi ya sekondari nilishuka Moshi mjini kukaa na mama mdogo kule Njoro, ambako ana genge la nyanya na vitunguu, nikawa namsaidia kupanga mafungu. Sasa mimi ni mtu wa aibu. Nikienda hotelini nikaletewa chai isiyo na sukari nitainywa hivyo hivyo kuliko kumwita mhudumu, na mteja akinisalimia kwa sauti kubwa nasahau bei ya vitunguu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na banda la gemu la jamaa mmoja anaitwa Deo, televisheni mbili na benchi, unalipia kidogo unakaa unashika pedi ya kuchezea. Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua tu. Nikaona mwanajeshi kwenye kioo amejipaka rangi usoni, ana majani kichwani, ana kisu mdomoni, anatambaa peke yake kuelekea ngome ya maadui. Deo akaniuliza, "Dogo, unajaribu?" Nikajaribu.

Jamani, niliweza. Mimi ambaye sijawahi kuweza kitu. Baada ya miezi michache hapakuwa na mtu Njoro nzima wa kunifikia, watoto walikuwa wanajaa nyuma ya benchi wananitazama, na Deo akanipa jina la Kamanda. "Mpisheni Kamanda!" akisema hivyo mimi nilijisikia nimerefuka. Nilikuwa naua watu mia kabla ya chai. Nikipigwa, damu inapungua kule juu kwenye kioo, najibanza nyuma ya ukuta, naokota kisanduku chenye msalaba, napona, naendelea. Nikifa nabonyeza kitufe naamka tena palepale, suruali kavu kabisa (hilo la suruali mlikumbuke).

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kupinda, na sikujua kwamba inapinda. Nilianza kuliona jeshi ni kitu changu. Nilipokutana na askari wa kweli mjini nilimdharau. Siku moja mmoja alikuja gengeni kwetu amevaa sare, mtu wa makamo hivi, akachagua vitunguu kwa makini sana, akaomba tumwongezee kimoja, mimi moyoni nikasema, huyu naye ni askari gani, askari mzima anabembeleza kitunguu! Niliamini nikiingia jeshini mimi watanipa bunduki siku ya kwanza, na ya pili watanipa cheo.

Basi habari zikaja kutoka nyumbani kwamba kata yetu itaendesha mafunzo ya mgambo, na watakaofanya vizuri majina yao yatapelekwa wilayani kwa usaili wa jeshi. Nikamuaga mama mdogo. Nikawaaga na wote wa bandani kwa Deo, na hapa ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, maana nilisimama juu ya benchi (mimi!) nikasema, "Mkiniona tena, mtaniona na sare." Wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Nyumbani mama alinipokea kwa mtori wa ndizi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wewe? Wewe ambaye Krismasi tunaazima mtoto wa jirani aje kuchinja kuku?"

"Mama, vita ni akili," nikamwambia. "Ukipigwa unarudi nyuma kidogo, unasubiri, unaangalia damu imebaki kiasi gani kwenye kioo."

"Kioo gani?"

Mama akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe, na wakati huo haukuwa wa kukamua, nikasikia maziwa hayaingii kwenye ndoo, ni kimya tu kule zizini. Mimi ni mtoto wake wa kiume pekee. Baba naye siku iliyofuata alininunulia soksi.

Mafunzo yalikuwa kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Mkufunzi wetu alikuwa Afande Mbwilo, mtu wa kusini huko, mfupi, sauti yake unaisikia mpaka kwenye mfupa. Bunduki walitupa, lakini za mti. Na kazi ya kwanza ya jeshi, kumbe, ni kusimama. Tulisimama juani, tukasimama mvuani, tukakimbia kupanda mlima huku tumenyanyua ile miti, tukashuka, tukasimama tena. Gemu haina kusimama. Kwenye gemu ukiacha kubonyeza yule mtu anasimama mwenyewe hachoki. Niliyekuwa karibu naye mstarini ni Gaudensi, kijana wa kijiji cha chini, hajawahi kuona gemu maishani mwake, hana maneno, alisimama kama nguzo ya umeme. Mimi nilikuwa namnong'oneza jina langu la Kamanda na habari za silaha zote ninazozijua, ipi ina risasi nyingi, ipi inapiga mbali, na yeye anaitikia tu, "Ee. Ee." Siku moja nikamnong'oneza kwamba vitani ukijeruhiwa kuna visanduku vya dawa vinakaa chini, unavipitia tu unapona. Gaudensi kwa nia njema kabisa akanyoosha mkono.

"Afande! Aloisi anauliza visanduku vya dawa vinakaa wapi vitani."

Afande akaja mpaka puani kwangu. "Vinakaa kwa mganga," akasema. "Na mganga yuko nyuma kilomita ishirini. Utamfuata au akufuate?"

Kundi zima likacheka. Hata hapo sikujifunza. Nilijisemea kwamba afande huyu hajawahi kuona vita kama nilivyoviona mimi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jumamosi ya mwisho kulikuwa na zoezi kubwa la kufungia mafunzo, wazazi walialikwa, mtendaji wa kata alikuja na kofia yake, na mpango ulikuwa hivi: nusu yetu ni maadui, wanalinda ghala la zamani la kahawa kule juu, na nusu nyingine, ambayo ni sisi, tuwashambulie tukipitia mashambani bila kuonekana. Kiongozi wa kundi letu akachaguliwa Gaudensi (mimi nikanuna). Amri ilikuwa wazi kabisa, tufuate ukingo wa mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni, wote pamoja, kimya, na kila mtu ajifiche kwa majani. Afande akasema pia kwamba atakayefanya vizuri siku hiyo jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha ya wilayani.

Mimi nikaibadilisha amri kidogo tu. Nikaamua kupita peke yangu. Yule mwanajeshi wa kwenye kioo hajawahi kufuata mfongo na wenzake.

Njia ya mkato ilikuwa kupita katikati ya kihamba cha Meku Severini, yaani shamba la migomba na kahawa la mzee Severini, jirani yetu. Hapo inabidi niwaeleze. Meku Severini na baba yangu walikuwa hawajasalimiana miaka saba. Kiangazi kimoja baba alifungulia maji ya mfongo yakaingia kwenye migomba yetu siku ambayo zamu ilikuwa ya Meku Severini, miche yake ya kahawa ikakauka, wakatoleana maneno mbele za watu, na mzee akamwambia baba asikanyage tena kiwanja chake. Baba hakukanyaga. Hata kanisani walikuwa wanakaa mmoja upande huu, mwingine upande ule, na wakati wa kupeana amani baba alikuwa anainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa na viatu visivyo na kamba.

Nikaona nitapita haraka, nimejificha, hataniona. Nikatafuta majani. Majani ya mgomba yanachanika, mkahawa ni wa mtu huwezi kuukata, na mbele yangu kando ya njia kulikuwa na ua mzuri wa isale, majani marefu, mabichi, yamejipanga kama yamechongwa. Kwa wasomaji ambao si wa mlimani: isale kwetu si jani la kuchezea. Tunalipanda mpakani, tunalipanda makaburini, na mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba msamaha anachukua jani la isale, analifunga fundo, analipeleka au anamtuma mtu alipeleke, na aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa, lazima asamehe. Mtoto yeyote wa Kirua anajua hivyo. Hata mimi nilijua. Lakini asubuhi ile, naapa, sikuona isale, niliona majani ya yule mtu wa kwenye gemu.

Nikakata kwa mikono kama mzigo mzima. Nikajifunga kichwani, kiunoni, mgongoni, na ili yasidondoke kila jani nililipiga fundo kwenye kamba ya mgomba, fundo zuri, kama alivyonifundisha bibi. Moja likabaki, na kwa kuwa sikuwa na kisu cha kuweka mdomoni nikaliweka hilo mdomoni. Nikalala kwa tumbo nikaanza kutambaa.

Mwanzoni nilikwenda vizuri, niwaambie ukweli. Nilikuwa chini ya migomba, udongo unanukia mvua, bunduki yangu ya mti iko mbele yangu, nilijiona kwenye kioo kabisa, nikawa najitengenezea hata muziki wa gemu kwa pua. Nikafika karibu na nyumba ya Meku Severini. Naona paa lake la bati kati ya mikahawa.

Ndipo Afande Mbwilo kule ghalani akafyatua bunduki ya kweli.

Ilikuwa risasi baridi, zile za mlio tu, zisizo na kichwa. Alikuwa ametuambia asubuhi kwamba atapiga ya kuanzisha zoezi, lakini mimi nilikuwa natafuta isale sikusikiliza. Wapendwa, ule mlio si kama wa televisheni. Wa televisheni unausikia kwa masikio. Huu uliingia kwa tumbo, ukatokea kwa magoti, na mlima ukaurudisha, ndege wote wakaruka kwa pamoja, ng'ombe wakalia mabandani, na mimi nikasikia joto linashuka mguuni nikadhani ni damu. Haikuwa damu. Halafu ikapigwa ya pili. Sikumbuki kuamua kitu. Mwili wangu wenyewe uliondoka pale kwa mikono na magoti, mbio, kama mtoto anayejifunza kutambaa, na haukwenda kwa maadui wala haukurudi kwa wenzangu, ulikwenda kwenye nyumba ya kwanza uliyoiona. Nikatokea kwenye mikahawa, nikaangukia kiwanjani kwa magoti yote mawili.

Meku Severini alikuwa kwenye meza ya kuanikia kahawa anachambua buni mbovu, na mke wake, Mama Klementina, anapepeta maharage. Ungo ukasimama hewani. Wakanitazama. Mimi niko magotini, machozi yananitoka, nimefunikwa isale kuanzia kichwani mpaka kiunoni, kila jani lina fundo, na moja liko mdomoni.

"Wewe si mtoto wa Tobiasi?" akauliza mzee.

Nikajaribu kusema shikamoo. Kwa lile jani ikatoka sauti kama ya ndama.

Meku Severini akaweka buni chini taratibu. "Klementina," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Tobiasi ameniletea isale."

"Naona," akasema Mama Klementina. "Lakini mbona mengi hivyo? Si jani moja linatosha?"

"Labda ameweka na ya miaka yote."

"Na huyu mtoto mbona ametambaa?"

"Ndiyo heshima hiyo. Vijana wa siku hizi hata goti hawapigi, huyu amekuja kwa tumbo."

Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Lakini kabla sijatoa jani mdomoni, nikasikia miguu, kundi letu zima lilikuwa linatokea upande wa mfongo, Gaudensi mbele, na nyuma yao wale maadui waliotuona kutoka ghalani wamekuja kuangalia kuna nini, halafu mtendaji, halafu wazazi. Gaudensi akaniona akafurahi. "Kamanda! Umeshateka nyumba?"

Afande Mbwilo akaja anahema. "Wewe! Nani kakupa amri ya kuingia huku? Na umepiga magoti kwa nani?"

"Afande, punguza sauti," akasema Meku Severini. "Huyu hapa sasa si askari wako. Ni mjumbe."

"Mjumbe wa nani? Huyu ni wangu!"

Watu wa kwetu wote walikuwa wameshanyamaza, maana waliyaona majani na walijua kiwanja ni cha nani na mimi ni mtoto wa nani. Aliyekuwa hajui ni afande peke yake. Mtendaji akamvuta pembeni akamweleza kwa mkato, na afande akanigeukia polepole.

"Kwa hiyo mimi nimekutuma vitani," akasema, "na wewe umekwenda kuomba msamaha?"

Hapo kicheko kikapasuka. Walicheka watu mpaka wengine wakashika migomba. Na mtu mmoja, sijui ni nani na sitaki kujua, akapiga kelele, "Mwangalieni na suruali!" Ilikuwa ya kaki, na kaki haifichi kitu. Nikaangalia chini. Nikatamani kile kitufe cha kuanza upya.

Kicheko kikakatika ghafla, nikajua baba amefika. Alikuwa amesimama pembeni, pale kiwanja kinapoanzia, hakuweka mguu ndani. Nyuma yake alikuwa mama.

"Tobiasi," akasema Meku Severini, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya miaka saba, "huyu mtoto umemtuma wewe?"

Mimi akili yangu haina kasi lakini siku ile ilikwenda. Baba akisema hapana, basi Meku Severini amekuwa mjinga mbele ya kata nzima, amefurahia isale ya mchezo, na kumpelekea mtu isale ya mchezo ni tusi ambalo hata wajukuu hawatalisahau. Miaka saba ingekuwa sabini. Nikamtazama baba. Baba akanitazama mimi, akatazama yale majani, akatazama suruali yangu, na nadhani alielewa kila kitu, maana baba ndiye alikuwepo nilipokuwa mdogo nikiogopa radi.

Akavua kofia.

"Nimemtuma," akasema. "Nilipaswa kuja mwenyewe, miguu ikakataa. Maji yale yalikuwa zamu yako, Severini. Nilijua ni zamu yako."

Akakanyaga kiwanja. Meku Severini akanijia, akachukua lile jani mdomoni mwangu, akaligeuzageuza.

"Limetafunwa," akasema. "Lakini ni isale."

Mama Klementina akapiga kigelegele, akina mama wengine wakapokea, na wale wazee wawili wakashikana mikono, wakashikana muda mrefu, na mimi bado niko magotini hakuna aliyenikumbuka. Zoezi lilifia pale. Maadui walikuwa wameacha ghala wazi, kila mtu alikuwa kiwanjani kwa Meku Severini, na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ilitolewa. Afande Mbwilo alikataa kibuyu cha kwanza kwa kuwa yuko kazini. Cha pili hakukataa.

Meku Severini ndiye aliyenikumbuka. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanipa ndoo ya maji na suruali yake, kubwa, niliishika kwa mkono isidondoke. Akasubiri nimalize.

"Hakukutuma," akasema.

Nikatikisa kichwa. "Hapana, Meku. Naomba unisamehe."

"Nilijua tangu mwanzo. Mjumbe hajikojolei." Akakaa juu ya gogo, akanyoosha ule mguu wake mbovu, ambao sisi watoto tulikuwa tunauigiza bila kujua aliupatia wapi. "Nilipigana vita ya Uganda. Mara ya kwanza kusikia mizinga nilijikojolea vilevile. Tulikuwa kwenye shimo na kijana mmoja wa Sanya Juu, akanicheka mpaka jioni. Kesho yake hakukuwa na wa kunicheka." Akasugua goti la ule mguu. "Ningefurahi sana kule kama mtu mmoja, wa upande wowote, angetokea kwenye majani na isale mdomoni kama ulivyotokea wewe."

Halafu akasema suruali nirudishe Jumatatu, ikiwa imefuliwa.

Jioni tulipanga mstari wa mwisho kwenye kiwanja cha shule. Afande akasoma majina ya kwenda wilayani, la kwanza Gaudensi. Langu halikuwemo. Tulipotawanyika akaniita. Nilidhani anataka kunimalizia matusi, lakini alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo sikujua anayo, kwamba mlio huzoeleka, na hofu siyo kosa, amewafundisha waoga wengi wakawa askari wazuri, na nafasi moja bado ipo kwenye karatasi. "Nikuandike?"

Nilisimama pale nimeishika suruali ya Meku Severini isidondoke. Nikakumbuka benchi la Deo na yale makofi. Nikamkumbuka pia yule askari wa makamo anayechagua vitunguu, nikajua sasa kwamba alikuwa na watu nyumbani wa kuwapikia na kwamba bila shaka mlio ule anaujua, na mimi nilimdharau. Jeshi si baya, wapo wanaoliweza, na wananilinda hata mimi nikilala. Mimi nilichokuwa nakitaka ni gemu, sio jeshi.

"Hapana, afande," nikasema. Kwa sauti, bila kutazama chini. "Asante, lakini hapana."

Jamani, ule wepesi! Niliteremka kwenda nyumbani kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Mama alikuwa zizini amekaa na ndoo hajaanza kukamua, mlangoni nikamwambia siendi. Hakugeuka, ila maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo, chwa, chwa, chwa, nikasimama nikayasikiliza mpaka ndoo ilipojaa.

Gaudensi aliingia jeshini na anaendelea vizuri, bado anajibu "Ee" kwenye barua zake. Baba na Meku Severini sasa wanakaa benchi moja kanisani, na siku wakinywa wanabishana ni nani alijua mapema zaidi kwamba sikutumwa (wote wawili wamenipa ruhusa niandike). Mimi naitwa Kamanda Isale, na naitika.

Njoro nilirudi mara moja kumsalimia mama mdogo. Kwa Deo walinicheka mpaka wakachoka, halafu wakanipisha kwenye benchi. Nikashika pedi. Nikafika pale ambapo mtu wa upande wa pili anatokea kwenye majani, anatambaa, nimempiga pale mara elfu bila kumtazama. Safari hii nikamtazama. Nikatafuta kitufe cha kumwacha apite. Nikabonyeza vyote. Hakuna. Nikampa pedi mtoto aliyekuwa nyuma yangu nikatoka nje, na tangu hapo sijashika tena, na sitakata isale mpaka niwe na mtu wa kumwomba radhi kwelikweli.

Wewe unayesoma hapa, kama nawe uliwahi kujiona shujaa mahali ambapo hakuna risasi, halafu ukaja kuisikia moja, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili. Hasa kama nawe suruali haikubaki kavu. Nitakujibu, ila univumilie, naandika polepole.